Anayejikuna Ndiye Anayepewa Chandarua

Asubuhi ya pili ya arobaini ya babu, Ifakara, binamu yangu alitoka nje akiwa na mikono kama ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Vipele kuanzia viwiko mpaka vidoleni, vingine vimeshaanza kutoa maji kwa kukunwa. Amekulia Ujerumani. Usiku huo alikuwa amelala uani chini ya turubai pamoja na sisi wengine, mikeka imebanana, na nyuma ya nyumba mpunga bado umesimama majini.

Shangazi alimgeuza mkono huku na huku. "Masikini, huyu ana damu tamu." Akaingia chumbani kwa wifi yangu, akafungua chandarua pale kiliponing'inia, akatoka nacho begani.

"Wewe si mbu hawakusumbui?" alimuuliza wifi, tayari ameshafika mlangoni.

"Hawanisumbui, shangazi. Mpe tu mgeni."

Wifi alikuwa na mimba ya miezi saba.

Hakuna aliyepinga. Mgeni ni mgeni, na kweli wifi hakuwa na kipele hata kimoja mwilini. Arobaini ikasomwa, pilau ikaliwa, watu wakatawanyika. Mimi nikarudi Dar, na kile chandarua kikarudi nami kichwani. Kwa wiki kadhaa kila nikisikia mlio sikioni usiku nilikuwa namwona shangazi akitoka nacho begani.

## Damu tamu

Nimesikia habari za damu tamu tangu utotoni, na ukizitazama vizuri zina kasoro moja kubwa. Mbu haonji kwanza ndipo achague. Anachagua akiwa bado hewani.

Jike (dume hanyonyi damu kabisa, anaishi kwa majimaji ya maua) anaanza kukufuata akiwa mbali, kwa hewa ukaa unayoitoa kila unaposhusha pumzi. Akisogea anakutana na harufu ya ngozi yako. Akifika karibu kabisa, joto na unyevu wa mwili vinamwelekeza pa kutua. Damu yenyewe anaifikia mwisho, uamuzi ukiwa umeshapita.

Najua yuko ndugu atakayeniuliza habari za kundi O. Watafiti wa Japani walilijaribu hilo mwaka 2004, wakaona mbu aina ya Aedes albopictus wakitua zaidi kwa watu wa kundi O kuliko wa kundi A. Wengine waliojaribu hawakuona hivyo, na wapo walioona kinyume chake. Nimeliweka pembeni.

Kilichonikamata ni soksi.

Katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kundi la mtafiti Leslie Vosshall liliwavisha watu 64 vipande vya soksi za nailoni mikononi, saa kadhaa kwa siku, ili vinyonye harufu ya ngozi. Kisha vipande vya watu wawili viliwekwa mbele ya mbu, kama mashindano ya mtoano, mbu aende anakotaka. Mshiriki mmoja, namba 33, hakushindwa na yeyote. Ukimlinganisha na yule aliyekuwa mkiani, mvuto wake ulizidi kwa mara 100 hivi. Waliwarudia watu walewale kwa muda wa miaka mitatu, na aliyependwa na mbu mwanzoni aliendelea kupendwa. Matokeo yalichapishwa Oktoba 2022. Waliopendwa sana walikuwa na kiasi kikubwa cha asidi za kaboksili kwenye ngozi, zile zinazotokana na mafuta ya mwili. Mbu waliotumika ni Aedes aegypti, wale wa mchana wanaoleta dengi, siyo wa malaria. Lakini mwaka 2023, huko Macha nchini Zambia, watu sita walilala kwenye mahema kuzunguka kizimba kikubwa chenye anofelesi, mbu wa malaria, harufu zao zikapelekwa kizimbani kwa mabomba. Asidi zilezile zikajitokeza tena kwa wale waliofuatwa zaidi.

Na miguu. Miaka ya 1990 Mholanzi Bart Knols na mwenzake Ruurd de Jong waligundua kwamba anofelesi wetu, gambiae, wanapenda kushambulia nyayo na vifundo vya miguu. Wakiosha miguu kwa sabuni ya kuua bakteria, mbu wanahamia sehemu nyingine za mwili. Wakatoka hapo wakajaribu jibini la Limburger, ambalo linanuka miguu kwa sababu bakteria wake ni ndugu wa bakteria wa vidoleni, na mbu wakalifuata. Mwaka 2006 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Ifakara yenyewe haikubaki nyuma. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake walichapisha mchanganyiko wa harufu uliotengenezwa na binadamu. Ukiwekwa kwenye kibanda peke yake uliita mbu wengi kuliko mtu aliyelala kibanda cha pili. Ukiwekwa kibanda kimoja na mtu, haukumshinda mtu.

Kwa karibu bado hatujapata wa kutushinda.

(Pombe? Ndiyo. Burkina Faso, mwaka 2010, wanaume waliokunywa dolo, pombe yao ya mtama, walivutia anofelesi kuliko walivyovutia kabla ya kunywa. Waliokunywa maji hawakubadilika. Wajomba zangu wameipokea habari hii kwa ukimya.)

Basi nikasema sawa, binamu ananukia vizuri puani mwa mbu, wifi hanukii, shangazi alikuwa sahihi ila alikosea jina la kitu. Ningeishia hapo kama nisingempigia simu baba mdogo.

## Kikombe cha baba mdogo

Baba mdogo, enzi za ujana wake, alifanya kibarua cha kukamata mbu. Ukikulia Ifakara utamjua angalau mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo, maana watafiti wako pale miaka mingi.

Kazi yenyewe alinieleza hivi. Jua likizama unakaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya watu, suruali umeikunja mpaka magotini, miguu wazi. Mkono mmoja tochi, mwingine mrija, ncha moja ya mrija iko mdomoni. Unanyamaza. Ukihisi kitu kimetua unawasha tochi, unamfyonza kabla hajatoboa, unampulizia kwenye kikombe cha karatasi kilichofunikwa wavu. Kila saa kikombe kipya, kimeandikwa saa na nyumba. Walikuwa wanapewa dawa za kujikinga na wanapimwa. Ni kazi ya kukaa kama chambo huku ukijitahidi usiliwe.

Kila usiku walibadilishana nyumba. Yeye alidhani ni ili mtu asichoke na ua mmoja. Nikamwambia sababu niliyoisoma: watu hawavutii mbu sawasawa, kwa hiyo mtu yuleyule akikaa nyumba ileile kila siku, huwezi kujua wingi wa mbu ni wa nyumba au ni wa miguu yake.

Akacheka sana. "Hapo wamesema. Kikombe changu kilikuwa kinajaa, mwenzangu anasinzia."

Nikanyamaza kidogo. Baba mdogo, kwenye ukoo wetu, ndiye mfano wa mtu asiyeguswa na mbu. Hulala kibarazani kifua wazi. Tumetumia jina lake kubishana miaka yote.

"Mbona hatujawahi kukuona unajikuna?"

"Kujikuna ni kazi nyingine, mwanangu."

## Kipele

Mbu anapochoma, anatema mate kwanza. Mate hayo yana vitu vya kuzuia damu isigande. Kipele na muwasho havitoki kwenye tundu alilotoboa. Vinatoka kwa mwili wako wenyewe ukiyapinga mate yake.

Na mwili hujifunza. Mwaka 1946 Mwingereza Kenneth Mellanby aliandika jinsi mtu anavyopita hatua moja baada ya nyingine. Mtu ambaye hajawahi kuumwa na mbu wa aina fulani, mara za kwanza haonyeshi chochote. Baadaye anaanza kuvimba, lakini siku ya pili yake. Kisha anavimba papo hapo na kesho yake tena, hapo ndipo mateso yanapokuwa makali. Akiendelea kuumwa, ule uvimbe wa kesho yake unapotea. Akiumwa kwa muda mrefu zaidi, hata ule wa papo hapo unakwisha. Anarudi alikoanzia: mbu anakunywa, ngozi haisemi kitu.

Binamu yangu, mwenye likizo chache za Tanzania mwilini, alikuwa katikati ya safari hiyo. Baba mdogo aliimaliza zamani. Wifi, mzaliwa wa bonde la Kilombero, mtoto wa watu wa mpunga, kaimaliza pia.

Ukoo mzima tulikuwa tunahesabu vipele tukidhani tunahesabu mbu.

Hapa nilijishika nisiende upande wa pili nikaanguka. Asiye na vipele si lazima awe ndiye anayenyonywa zaidi. Huenda ni mshiriki wa mkiani kule New York, mbu kweli hawamtaki. Huenda ni mshiriki namba 33 aliyezoea. Kwa kumtazama ngozi huwezi kuwatofautisha, wala yeye mwenyewe hawezi, hata akiapa. Ndiyo maana wale watafiti walihitaji kikombe.

Lakini kuna watu ambao vikombe vyao vimeshahesabiwa.

## Miezi saba

Mwaka 2000 Steve Lindsay na wenzake walichapisha kazi waliyofanya Gambia. Walilaza wanawake wajawazito na wasio wajawazito, kila mmoja kwenye kibanda chake, wakahesabu mbu walioingia. Wajawazito waliita anofelesi mara mbili ya wenzao.

Sababu walizozitaja hazina muujiza. Mwanamke mwenye mimba iliyosogea anatoa pumzi nyingi zaidi, walipima asilimia 21 zaidi. Ngozi ya tumbo lake ina joto kwa nyuzi 0.7 zaidi. Ongeza jambo ambalo kila aliyewahi kubeba mimba analijua: usiku anaamka kwenda chooni, na choo kiko nje.

Kwa hiyo usiku uliofuata, wakati bado tunashangaa mikono ya binamu, mtu ambaye kwa hesabu hizo alikuwa mwaliko mkubwa kuliko wengi alikuwa amelala ndani bila wavu, akisema hawamsumbui. Na alisema kweli. Hawakumsumbua.

Chandarua chenyewe, nilikuja kukumbuka baadaye, alipewa kliniki. Alipewa kwa sababu ya mimba ile.

Malaria ya mjamzito aliyekulia sehemu zenye malaria ina tabia mbaya ya kukaa kimya. Vimelea vinajificha kwenye kondo la nyuma. Mama anaweza asipate homa kabisa, huku mtoto tumboni anakosa chakula na kuzaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana kliniki wanawapa wajawazito SP, vidonge vya kukinga malaria, bila kusubiri waumwe. Ni ugonjwa usiojikuna, juu ya ngozi isiyojikuna.

Wiki chache baada ya arobaini wifi alipimwa kliniki, akakutwa na malaria. Hakuwa anajisikia vibaya, alikwenda kwa zamu yake ya kawaida. Akapewa dawa mseto. Siwezi kusema ni usiku ule. Kilombero mbu hawasubiri arobaini. Mtoto alizaliwa salama na ana mapafu ya babu yake. Lakini niliposimuliwa habari hiyo kwenye simu sikuweza kuichukulia kama habari ya mtu mwingine.

Kuna siku niliwaza nimwambie shangazi. Nikajiuliza nitamwambia nini hasa. Kwamba mgeni angeachwa na vipele vyake? Binamu naye alikuwa hatarini, pengine zaidi, maana hana kinga yoyote ya malaria iliyojengeka mwilini. Mgeni asiye na kinga anaweza kuugua vibaya upesi. Kwenye nyumba yenye chandarua kimoja kizima hakuna jibu lisilo na mtu wa kuumia. Ninachokataa ni jinsi tulivyopiga kura. Tulipiga kwa vipele.

## Mtoto asiyelia

Jambo lililonitisha kuliko yote nililikuta mwishoni, kwenye utafiti wa Kenya magharibi wa mwaka 2005.

Watoto watatu watatu waliwekwa, kila mmoja kwenye hema lake: mmoja hana vimelea, mwingine anavyo, wa tatu anavyo vile vilivyofikia hatua ya kuweza kuhamia kwa mbu. Mbu waliachiwa wachague harufu bila kuwafikia watoto. Yule wa tatu aliita mbu karibu mara mbili ya wenzake. Watoto walipotibiwa wakapona, tofauti ikafutika. Watoto walewale, ngozi zilezile.

Baadaye, mwaka 2018, watafiti wengine walionyesha kwamba watoto wenye vimelea hutoa kwa wingi zaidi harufu fulani ambazo mbu anazinusa. Kimelea kinamwitia mbu usafiri.

Na watoto hawa si wale waliolala hoi. Wengi wanacheza, wanakwenda shule. Mtoto wa namna hiyo hajikuni, halii, hana homa, na ndiye mbu anakwenda kuchota kwake ili ampelekee mwingine.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka huohuo wa 2005, kwa takwimu za watoto wa jamii nyingi za Afrika, ulikadiria kwamba asilimia 20 ya watu ndio wanaopokea asilimia 80 ya maambukizi. Nyumba karibu na dimbwi inachangia, ukuta wenye nyufa unachangia, na harufu ya mtu inachangia. Kila nikiusoma nawaza ua wetu siku ile, turubai moja, watu zaidi ya thelathini. Wachache kati yao walikuwa wanabeba mzigo wa wote, na sidhani kama yupo aliyewajua, wala wao wenyewe.

## Ua wa milango sita

Dar napanga kwenye nyumba ya milango sita, ua mmoja, choo kimoja, na mtaro nyuma ambao manispaa na baba mwenye nyumba wanasukumiana. Mbu wetu wa jioni ni kuleksi zaidi, wale wa maji machafu. Tunakaa nje mpaka saa nne kwa sababu ndani kuna joto. Nilipotoka kwenye masomo yangu haya nikanunua mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu, yale yenye DEET, nikawa naketi kama malkia.

Kisha nikakutana na utafiti mmoja wa vijiji vya hapahapa Tanzania, wa mwaka 2013. Waliuliza swali dogo: wengi wakijipaka dawa, mbu wanakwenda wapi? Walikwenda kwa wasiojipaka. Kaya zisizotumia dawa, zikiwa katikati ya majirani wanaotumia, zilikutwa na mbu zaidi ya mara 4 ukilinganisha na vijiji ambako hakuna aliyejipaka.

Mafuta hayaui. Yanamwambia mbu jaribu mlango unaofuata.

Chandarua chenye dawa kinafanya kinyume. Huko Asembo, Kenya magharibi, iliandikwa mwaka 2003 kwamba hata wasio na vyandarua walipata nafuu wakiishi ndani ya mita 300 kutoka kwa walionavyo, kwa kuwa mbu waliokuja kujaribu bahati walikufa. Siku hizi mbu wengi wameizoea dawa ya zamani, ndiyo sababu vyandarua vya dawa mbili vilijaribiwa Misungwi, Mwanza, na matokeo mazuri yakatoka mwaka 2022. Lakini chandarua hakikai uani saa mbili usiku, watu wakimenya mihogo na kusimuliana mambo ya daladala.

Nikatazama walioketi pembeni yangu kila jioni. Watoto wa mlango wa pili. Mzee wa kona, ambaye hajikuni kamwe.

Nimependekeza mafuta yawe ya ua mzima, chupa ikae kwenye kigoda, kila mlango uchangie kidogo mwisho wa mwezi. Wengi wamekubali. Mama wa mlango wa tatu amegoma katakata. Pesa anayo, anasema. Ila yeye mbu hawamgusi.